Jina Langu, Dakika ya Nne

Musonoi, 4 Oktoba 1992. Konseri ya 25.

Daftari la kwanza limejaa, nafungua la pili.

Kwa yeyote atakayeliokota: mimi ni Kalala, fundi wa kusokota nyaya za motere katika atelye ya kampani, miaka 17 ya kazi. Siku ya Pasaka nilimwapia mke wangu Ngalula kwamba kutoka Pasaka hiyo mpaka Pasaka itakayokuja sitakosa konseri hata moja ya Perfo. Jumapili 52. Ngalula alisema kuna wanaume wanaoapa kuacha pombe.

Perfo ni ile mashine ya kutoboa mawe kule chini mgodini, na hawa vijana walijiita jina lake. Wanapiga rok kila Jumapili saa kenda ya mchana kwenye bar ya mama Godelieve, nyuma ya reli. Kutoka kwangu ni saa moja na dakika 20 kwa miguu. Mvua ikinyesha, saa moja na 45.

Leo watu 312. Nyimbo 14. Umeme ulikatika mara mbili, dakika 6 na dakika 11. Ampli haikuungua.

Ile ampli niliijenga mimi. Mwaka wa 1989 walikuwa wanapigia ndani ya redio iliyopasuka. Nilichukua transfoma iliyotupwa, nikaisokota upya, nikatafuta lampu nne za kioo za sinema ya zamani ya mapadri, nikawapa wati 60. Sikudai kitu. Banza, mwimbaji wao, tuliyekua naye mlango kwa mlango, aliniuliza: «Sasa nikutupie jina namna gani?» Kwetu mtu anayesaidia orkestra hutupiwa jina ndani ya wimbo. Ningeweza kusema Kalala wa Musonoi, kwa kuwa nilizaliwa Musonoi na baba yangu Tshilombo amezikwa Musonoi. Lakini nani alitaka kuitwa wa jirani? Omer, mpiga ngoma wao, alijitupia Sandoa, na Sandoa hajaiona hata kwenye picha. Kutoka mbali ndiyo ilikuwa heshima. Nikachagua alikozaliwa baba, Mwene-Ditu, kule Kasai.

Basi kila Jumapili, katika «Taa ya Kichwa», dakika ya 3 na segonde ya 40, gita zinanyamaza na Banza anaita: «Kalala wa Tshilombo, mutoto ya Mwene-Ditu!» Watu wote wanarudisha. Nimepima kwa saa yangu mara 25. Haijapita segonde 2 huku wala huku.

11 Oktoba. Ya 26.

Mvua ya kwanza. Watu 290. Jina 3:41.

20 Oktoba.

Watu wa Likasi wanaendelea kulala kwenye gare yao, stesheni ya treni. Ni watu wa Kasai, wamefukuzwa nyumba kwa nyumba na vijana wa vitambaa vyekundu, wanaosema kila mtu arudi kwao. Ngalula ana dada yake kule. Nilimwambia Likasi ni Likasi. Hapa sisi tumejenga mji huu pamoja, na atelye isiyo na wasokotaji wa Kasai itabaki na watu 4 kati ya 27. Hesabu hiyo hata mjinga anaiona.

25 Oktoba. Ya 28. Watu 301. Jina 3:40. Banza alinionyesha kwa kidole, watu wakageuka kuniangalia. Nilisimama.

9 Novemba.

Hesabu ile hata mjinga anaiona, nao wameiona na wamefanya. Asubuhi orodha ilibandikwa kwenye mlango wa atelye. Majina 23. «Mubaki kwanza ku manyumba mupaka tutawaita.» Motere 11 ziko mezani wazi, nyaya zinaning'inia. Niliuliza nani atazimaliza. Mkubwa alitazama mvua. «Tata Kalala, usinitie mu matata.»

Posho ya unga nayo imekatwa.

15 Novemba. Ya 31. Nilienda. Ngalula alitaka nibaki. Watu 240. Jina 3:40.

29 Novemba. Ya 33. Mvua kubwa, maji mpaka kwenye waya wa bafle, zile boksi za sauti. Niliinua kila boksi juu ya matofali mawili. Omer alikuwa ameketi anakunywa, akasema, «Prezida, unafanya sawa ni nyumba yako.» Mimi ndiye prezida wa wapenzi wa Perfo, ndiyo maana wananiita hivyo. Wengine walicheka. Sikuona cha kuchekesha.

13 Desemba. Ya 34 ilipita vizuri, ya leo ni ya 35.

Dakika 3, segonde 40. Gita zikanyamaza. Banza akaita: «Kalala, mutoto ya Musonoi!»

Nilisimama nusu, nikakaa. Watu walirudisha kwa sauti ndogo kama watu waliokabidhiwa chenji isiyo sawa. Baada ya wimbo wa mwisho nilimkuta anafuta gita.

«Banza, jina yangu iko wapi?»

«Niliita.»

«Uliita nusu. Baba yangu alikufa mara ya pili lelo?»

«Prezida, sikia. Tazama bale batatu ku mulango, bale ba bitambaa bikundu. Kila siku banauliza nani ni wa wapi. Na mi, kila Jumapili, na wati makumi sita, nabajibia. Unaona?»

«Miaka tatu uliimba. Mi niko mwizi sasa, ya kufichwa?»

«Sikusema vile.»

«Rudisha yote. Ama nichukue ampli yangu.»

Aliniuliza kama Ngalula anajua ninachosema. Nilimjibu kwamba jina halikutupiwa Ngalula.

20 Desemba. Ya 36.

Watu 205. Jina 3:40, zima, baba na mji wake. Waliorudisha walikuwa wachache, lakini waliorudisha walipiga kelele sana.

Nilifurahi. Naandika hivyo kwa sababu daftari lisipokuwa la kweli halina kazi.

27 Desemba. Ya 37. Mvua. Jina.

3 Januari 1993. Ya 38. Watu 198. Nilihesabu wa kwetu pia, wenye wazazi wa Kasai. Oktoba walikuwa kama 120. Leo 9.

12 Januari. Jirani yetu Kabasele ameuza mlango wake, akaenda. Mlango tu. Nyumba hakuna anayeinunua, wanangoja kuipata bure.

24 Januari. Ya 41.

Wa kwetu: mimi. Banza alipoita, walirudisha wote, kwa furaha, «Mutoto ya Mwene-Ditu!», na mmoja nyuma akaongeza, «Aende kwao!» Kicheko. Omer alipiga sahani moja chini ya kile kicheko, tsss, kama mtu anayeweka chumvi. Banza alianza solo haraka kuliko kawaida, 3:46 badala ya 3:52.

Njiani nilijiuliza nani katika bar ile hajui nilikotoka. Niliwataja mmoja mmoja kwa saa moja na nusu ya kutembea kwenye tope. Hakuna. Watoto wa miaka minne wanajua. Nimewafundisha mwenyewe, Jumapili kwa Jumapili, tena kwa mashine yangu. Kwenye vitabu vya mji huu nimeandikwa nimezaliwa Musonoi. Hakuna anayesoma vitabu.

31 Januari. Ya 42. Nilienda. Ngalula hakuniuliza nimeonaje.

14 Februari. Ya 44.

Jina halikuitwa. 3:40, gita hazikunyamaza hata. Walipita juu yake kama gari linavyopita juu ya kuku.

Nilifunga ampli, nikakunja nyaya, nikamwacha Banza hapo bila kumuaga. Desemba nilimlazimisha kuita, sasa nilipoanza kuona kwamba alikuwa na haki, ameniondoa bila neno. Angeniambia tu. Ningekubali Musonoi.

21 Februari. Ya 45. Halikuitwa.

28 Februari. Ya 46. Halikuitwa. Mtoto wetu Mbelu anakohoa, miaka 6, mvua inaingia upande wa kitanda chake. Nimeweka bati.

7 Machi. Ya 47. Halikuitwa. Mlangoni kijana wa kitambaa chekundu aliniuliza, «Prezida, ungali hapa?» kwa adabu kabisa, kama anayeuliza saa.

14 Machi. Ya 48.

Baada ya wimbo wa mwisho niliifungua ampli kama kila Jumapili, kupangusa vumbi. Niliacha vumbi. Nilitoa lampu nne, nikazifunga kwenye kitambaa cha Ngalula, nikafunga kifuniko, nikaenda. Bila lampu, ampli ni sanduku. Wati 0.

Nimezitia ndani ya kopo la unga. Ngalula aliona. «Unaiba kitu yako mwenyewe,» alisema.

21 Machi. Ya 49.

Nilisimama nje ya uzio. Walipiga dakika 20 tu, gita bila sauti, ngoma ya Omer ikimeza kila kitu. Watu waligonga meza. Nilimsikia mama Godelieve akiuliza, «Fundi iko wapi?» na sauti ya Omer: «Ya Mwene-Ditu? Tutamutafuta.»

23 Machi.

Naandikia kwenye gare, juu ya sanduku la Ngalula.

Walikuja asubuhi, baada ya mvua. Kabla ya kuwaona nilisikia wimbo. Walitoka upande wa kantini wakiimba sehemu ile moja tu, bila wimbo uliobaki, tena na tena: Kalala wa Tshilombo, mutoto ya Mwene-Ditu. Ilikuwa na ngoma. Mtu alikuwa anapiga bidon la mafuta, na kabla ya kona nilikuwa nimeshaijua ile mikono, kwa sababu Omer huchelewa kidogo kwenye pigo la nne. Nimeisikia mara 49 mwaka huu.

Watu kama 60. Nusu nilikuwa nawajua kwa jina. Wa nyuma hawakuwa na hasira, walikuwa wanacheza.

«Bilulu batoke,» walisema wa mbele. Wadudu, ndilo jina letu sasa.

Omer aliacha bidon, akasema, «Prezida, lete lampu, tukuache ubebe bitu yako na roho safi.»

Nilisema zimevunjika. Walitafuta chini ya kitanda, nyuma ya bati, ndani ya motere ndogo niliyokuwa nasokota kwa jirani. Kopo la unga alikuwa amelishika Mbelu. Mtoto aliyeshika unga hakuna aliyemtazama. Walitupa dakika 15. Saa yangu ilionyesha zimepita 11 tu walipoanza kutoa kitanda.

Ngalula alichukua sanduku, sufuria mbili, blanketi. Mimi nilichukua koleo, waya, daftari hili. Kaburi la baba liko mita 900 kutoka kwenye nyumba, upande mwingine. Hatukupita.

Katika barabara waliendelea kutusindikiza na wimbo mpaka daraja. Mbelu alikuwa anauimba pia, polepole. Ameujua tangu akiwa na miaka mitatu, anadhani ni wimbo wa baba yake.

25 Machi.

Gare. Nimehesabu kwa vikundi vya makumi: si chini ya 4,000, na mabomba mawili. Choo sitaandika. Paa la gare linafunika labda watu 300, nao walikuja kabla yetu. Sisi tuko kati ya reli ya pili na ya tatu. Treni haina siku. Tukiondoka, tutapelekwa Mwene-Ditu.

Mzee mmoja alisikia jina langu, akaniuliza kama nitamwonyesha njia za kule. Nilimwambia sijawahi kufika. Alifikiri namnyima.

28 Machi. Ya 50 haikupigwa. Bar ya mama Godelieve ni hatua 410 kutoka hapa, nilikuwa ninasikia hata viti. Konseri isiyopigwa haiwezi kuitwa niliyoikosa.

30 Machi. Mvua.

31 Machi. Mvua. Mbelu hakuamka kucheza.

1 Aprili. Mvua. Wamezika watoto wawili wa familia ya upande wa bomba.

4 Aprili. Ya 51 haikupigwa. Banza alikuja.

Alikuja peke yake, amevaa kofia mpaka machoni, na mkate chini ya koti. Alimpa Mbelu. Alichuchumaa kati ya reli kama tulivyokuwa tukichuchumaa tukiwa watoto, tukingoja gari la kampani lipite tuokote makaa.

«Ngalula, mama, mwoyo,» alimsalimia kwa lugha yetu ya Kasai. Ngalula aliitikia.

Kisha akaniambia, «Uliweka fasi gani?»

«Nini?»

«Kalala.»

Ngalula ndiye aliyesukuma kopo kwa mguu.

«Mama Godelieve ananituma,» Banza alisema. «Pasaka anataka muziki, bar inakufa. Anatoa bashi. Ile kubwa ya juu ya jukwaa, metre ine kwa tano. Natuma leo.»

Metre 4 kwa 5 ni metre 20 za mraba za turubai. Watu kumi wanalala chini yake wamenyoosha miguu. Niliihesabu kabla hajamaliza kusema.

«Na jina?» niliuliza.

«Jina gani?»

«Pasaka ni ya 52. Niliapa. Unaimba jina yangu, yote, sawa mbele.»

Banza alivua kofia. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe, sikuwa nimeona. «Prezida. Nikiimba ile jina mu bar yake, mama hatoi bashi. Amesema wazi, asisikie tena jina ya matata. Bashi ama jina. Mi, nakuomba, kamata bashi.»

«Mu Desemba ulitaka kunikata. Mu Februari ukanikata. Sasa unanikata na bashi.»

«Nilitaka usikuwe hapa.»

«Niko hapa.»

Ngalula hakupaza sauti. «Ile jina itafunika mutoto?»

Nilikuwa na jibu la akili. Siku zote ninalo. Ningesema watu walichukua kazi, nyumba, kitanda, kaburi, na sasa kipo kitu kimoja ambacho hawawezi kukichukua bila mimi kukitoa. Ningesema bashi litaibiwa kesho. Nilifungua kopo, nikatoa lampu moja moja, nikazipuliza unga, nikampa Banza.

«Jina,» nilimwambia. «Uape.»

Aliapa kwa mama yake, ambaye alinilisha mimi pia. Nilimweleza jinsi ya kuziweka, ya alama nyekundu upande wa transfoma, angoje dakika 2 zipate moto. Alikwenda bila kugeuka.

Tangu hapo Ngalula anazungumza na Mbelu tu.

6 Aprili. Mvua saa 5 mfululizo.

8 Aprili. Tumepewa namba. Wagoni la 14. Jumatatu ya Pasaka, wanasema. Mbelu ana moto mwilini. Mama mmoja mwenye bashi la nailoni alimpokea mtoto kwa saa mbili, kisha watoto wake mwenyewe walirudi.

9 Aprili. Nilikwenda mpaka ukingoni mwa gare kuomba bashi kwa mtu yeyote. Nilitoa koleo. Hakuna anayetaka koleo.

11 Aprili 1993. Pasaka. Konseri ya 52.

Mvua ilikoma saa sita. Mapadri walisoma misa kati ya wagoni. Mbelu yuko ndani ya kitenge cha mama yake, kitenge kimelowa. Anapumua mara 52 kwa dakika. Nilihesabu mara tatu nikitumaini nimekosea, na mara zote tatu ni namba hiyohiyo.

Saa kenda nilisikia ampli ikiwashwa. Niliijua kabla ya gita, ule mlio mdogo wa transfoma yangu. Aliziacha dakika 2 kamili kama nilivyomwambia. Kisha wakaanza, na sauti ilikuja juu ya reli safi kabisa, hakuna mkwaruzo. Watu wengi walikuwa bar, zaidi ya Oktoba. Makofi ya watu 400 hayadanganyi.

«Taa ya Kichwa» ulikuwa wimbo wa sita. Nilishika saa.

Hapa watu wengine walinyamaza pia, wanaujua wimbo. Ngalula alinitazama kwa mara ya kwanza baada ya wiki nzima.

3:40. Gita zikanyamaza.

«Kalala wa Tshilombo,» Banza aliita, sauti nzuri, sauti yake ya zamani, «mutoto ya Mwene-Ditu!»

Na bar nzima ikajibu: «Alishaenda!»

Ngoma ikaangukia juu ya neno la mwisho, mapigo mawili, na gita zikarudi pamoja 3:52 bila kuchelewa. Halafu mara ya pili, jambo ambalo wimbo ule haukuwa nalo: jina, jibu, mapigo mawili. Na mara ya tatu.

Mimi nilikaa kwenye repetisio zao, mazoezini, miaka mitatu. Watu 400 hawawezi kuangukia pigo moja kwa bahati. Omer hawezi kuacha kuchelewa pigo la nne kwa bahati. Waliambiwa. Walifundishwa, labda tangu Ijumaa, mstari kwa mstari, na aliyewafundisha ni mtu anayejua kwamba niko hatua 410 na nina saa mkononi. Aliapa kuliimba jina, naye ameliimba.

Ngalula aliondoa macho, akaanza kukamua kitenge.

Lampu hazikutetemeka. Wati 60, kazi ya mkono wangu. Hakuna neno hata moja lililopotea njiani.

Ya 52. Nilikuwapo.